Umeme wa maji nyumbani kwenye kijito chako: anza na ndoo, turbaini iwe ya mwisho

Kama una kijito kinapita karibu na nyumba na kinashuka, hata kama sio maporomoko ya kutisha, basi hapo kuna umeme unapita bure usiku na mchana. Sasa shida ninayoiona, mtu akishajua hivo tu anakimbilia kutafuta turbaini (lile gurudumu la vikombe au mapanga linalozungushwa na maji ili kuendesha jenereta), anaulizia bei, analipa, inafika, ndo anaanza kuangalia mto wake una maji kiasi gani. Nakuomba usifanye hivo. Turbaini inachaguliwa na maji yako na kimo chako, sio we unaichagua halafu uyalazimishe maji yaifuate.

Uzuri wa umeme wa maji ni kwamba haulali. Wati 300 tu zinazotoka masaa 24 zinakupa uniti 7 na kidogo kwa siku, wakati paneli za sola za kilowati 1 nzima zikipata jua la nguvu masaa matano zinakupa kama uniti 5. Kwahiyo usidharau mtambo mdogo. Taa za nyumba nzima, simu, redio, tv na friji ndogo vinabebwa vizuri na wati 300 hadi 500 ukiwa na betri za kusaidia pale friji inapojiwasha.

Kwanza pima kimo

Kimo ni urefu wa kushuka, yani kutoka usawa wa maji pale utakapoyachukua hadi pale turbaini itakapokaa, wima kwenda chini, sio urefu wa njia ya bomba. Njia nzuri ya kupimia ni ile leveli ya mpira ya mafundi ujenzi, mpira mwembamba unaoona ndani, unaujaza maji bila kuacha povu hata moja ndani, mtu mmoja anashika ncha moja usawa wa maji ya juu, mwingine anashuka na ncha ya pili na fimbo yenye alama za sentimita, mnasoma tofauti, mnaandika, mnahama mnashuka tena. Ni kazi ya nusu siku na inachosha lakini unapata jibu la kweli. Simu isitumike kwa hili, ile altitudo ya kwenye simu inaweza kukosea mita kumi na zaidi, na kwenye kimo cha mita 20 hilo ni kosa la nusu mtambo.

Njia nyingine, kama una mpira mrefu wa kutosha, ulaze kutoka juu hadi chini, ujaze maji, halafu chini funga geji ya presha maji yakiwa yamesimama. Bar ni kipimo cha presha, na bar 1 ni mita 10.2 za kimo, kwahiyo geji ikisoma bar 2 una kama mita 20. Rudia mara mbili au tatu, majibu yakipishana sana ujue kuna hewa ndani ya mpira.

Halafu wingi wa maji, na upime kiangazi

Hapa ndo watu wanajidanganya zaidi. Unapima wakati wa mvua, kijito kinanguruma, unapata lita 40 kwa sekunde, unajenga kwa lita 40, ikifika kiangazi unabaki na 8 na mtambo mkubwa unaozunguka kivivu hautoi kitu. Pima mwezi ule ambao wazee wa hapo wanasema kijito kinakuwa chembamba kabisa, na waulize pia kama kishawahi kukauka.

Kijito kidogo: ziba kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, peleka maji yote kwenye kipande cha bomba au bati lililokunjwa, kinga ndoo ya lita 20, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 4 una lita 5 kwa sekunde. Ikijaa haraka kuliko hapo tafuta pipa la lita 200, maana kosa la nusu sekunde kwenye ndoo ni kubwa sana.

Kijito kikubwa kisichozibika: tafuta sehemu iliyonyooka kama mita 5, pima upana, pima kina sehemu kama tano kuvuka mto upate wastani, halafu tupia kitu kinachoelea kwa kuzama kidogo, chupa yenye maji nusu inafaa, hesabu sekunde kuvuka zile mita 5. Mfano upana 0.8, kina wastani 0.15, eneo ni mita za mraba 0.12. Chupa imetumia sekunde 20, spidi ni 0.25. Zidisha unapata 0.03, halafu lazima uzidishe tena kwa 0.65 hivi kwasababu maji ya chini na ya pembeni yanakwenda taratibu kuliko ya juu (kama ni mawe matupu na maji ya kina kifupi tumia 0.45). Unabaki na 0.0195, yani kama lita 19 kwa sekunde. Rudia chupa mara tano sita.

Na sio yote ni yako. Kuna samaki, kuna vyura, kuna jirani wa chini anayenywesha mifugo. Kile kipande cha mto kati ya banio (pale unapoyatoa maji) na turbaini kisibaki kikavu hata siku moja, mi nachukua nusu tu ya maji ya kiangazi na nimeridhika. Nchi nyingi pia zinataka kibali cha kutumia maji ya mto hata kama unayarudisha yote mtoni, kwahiyo ulizia ofisi inayohusika na maji kabla ya kuchimba chochote, na ongea na watu wa chini yako mapema, wakikuta umeshajenga ndo ugomvi unapoanzia.

Hesabu

Chukua lita kwa sekunde, zidisha kwa mita za kimo, zidisha kwa 5. Jibu ni wati utakazopata kweli kwenye mtambo mdogo wa nyumbani, baada ya kupoteza kwenye bomba, turbaini na jenereta. Lita 10, kimo mita 20: wati 1000. Lita 5, kimo mita 12: wati 300. Maji tupu kinadharia yana karibu mara mbili ya hapo, na kuna wauzaji wanakupigia hesabu ya kinadharia, ukiona mtu anazidisha kwa 9 au 10 mwambie apige upya.

Angalia pia kimo na maji vinavyobadilishana. Kilowati 1 kwenye kimo cha mita 20 inataka lita 10, kwenye kimo cha mita 2 inataka lita 100 kwa sekunde, bomba la kutisha na mtambo mzito. Ndo maana kama una uchaguzi tafuta kimo, hata kwa kurefusha bomba.

Banio na tangi la kutulizia

Banio ni pale unapoyatoa maji mtoni. Huhitaji bwawa! Kizuizi kifupi cha mawe na zege kinachopandisha maji sentimita 30 au 50 kinatosha, na kiwe na sehemu ya juu ya kupitishia mafuriko maana mto ukija na magogo utabeba chochote kilichosimama mbele yake. Mdomo wa kuchukulia uuweke pembeni ya mkondo, sio uelekee mkondo moja kwa moja, la sivyo unakusanya kila tawi na kila jiwe.

Kutoka banioni maji yaingie kwenye tangi, la zege au hata pipa kubwa la plastiki, ambamo yanatulia na mchanga unazama. Mchanga ndo unaokula turbaini, unasugua vikombe vyake hadi vinakuwa vyembamba kama karatasi. Tangi liwe na tundu la kutolea tope chini, na mfereji wa kumwagia maji ya ziada juu. Chujio weka kabla ya mdomo wa bomba, limelala kimteremko ili majani yateleze, na liwe kubwa kuliko unavofikiria, maana chujio dogo linaziba kwa mvua moja ya usiku. Matundu yake yawe chini ya nusu ya upana wa nozeli ya turbaini (tundu jembamba linalorusha maji kwenye vikombe) ili kitakachopita juu kipite na chini.

Mdomo wa bomba uzame vizuri, kama bomba ni la milimita 110 basi sentimita 30 au 40 chini ya maji, ukiona kizunguzungu cha maji kimejitengeneza juu yake ujue linavuta hewa. Na mara baada ya valvu ya juu panda kibomba chembamba kinachosimama wima kuzidi usawa wa maji, hicho ni cha kupumulia. Siku chujio likiziba ghafla maji yaliyomo bombani yanaendelea kushuka, nyuma yake panabaki ombwe, yani patupu pasipo hata hewa, na bomba jembamba linajifyata kama chupa ya plastiki uliyoinyonya. Kibomba hicho kidogo ndo kinaokoa bomba zima.

Bomba, hapa usibane pesa

Hiki ndo kipande ambacho nakiandikia mwongozo wote huu. Mi mwenyewe mwanzo nilikuwa na kimo cha mita 20, bomba mita 100, maji lita 10, nikashauriwa na muuzaji nichukue bomba la milimita 75 kwasababu "maji yanapita tu". Ni kweli yalipita. Geji ya chini valvu ikiwa imefungwa ilikuwa inasoma bar 2 kamili kama ilivyotakiwa, nikifungua maji yote mshale unashuka, unashuka, unasimama kwenye bar 1 na kidogo, na taa zinafifia. Ile bar nyingine yote ilikuwa inaliwa na msuguano ndani ya bomba. Maji kwenye bomba la 75 yanakimbia zaidi ya mita 2.5 kwa sekunde na unapoteza kama mita 9 za kimo kati ya 20. Maji yaleyale kwenye bomba la 110 yanakwenda mita 1.3 hivi na unapoteza mita 1 na nusu tu. Mto uleule, mteremko uleule, tofauti ni bomba. Nililing'oa lote nikaweka la 110.

Kwahiyo lenga upotevu usizidi asilimia 10 au 15 ya kimo, na upime kwa njia hiyohiyo, geji chini kabla ya valvu, soma maji yakiwa yamesimama halafu soma yakitembea.

Presha: kila mita 10 ni kama bar 1, lakini usinunue bomba la kutosha kimo tu. Ukifunga valvu kwa haraka maji yote ya bombani, ambayo ni mamia ya kilo, yanasimamishwa ghafla na presha inaruka hata mara tatu ya kawaida, utasikia bomba linapiga kama nyundo, na kwenye viungo ndo linapochomoka. Chukua bomba lenye daraja la juu na tumia valvu ya kuzungusha taratibu, ile ya mkono mmoja ya kupindua robo duara usiifunge kwenye bomba kuu. Kata kona zisizo za lazima, elbo mbili za nyuzi 45 ni bora kuliko moja ya 90, na kila kona imwagie zege kuikamata maana bomba lenye maji linasukuma. PVC ifukie, jua linaifanya ivunjike kama kigae, bomba jeusi la poli (plastiki laini inayopinda) linavumilia zaidi. Na njia ishuke muda wote, ukiacha kilima katikati hewa itajikusanya pale juu na kukaba maji.

Turbaini

Sasa ndo unaweza kuulizia. Kimo kikubwa kuanzia kama mita 20 kwenda juu na maji kidogo: Pelton, ile yenye vikombe pacha, iliyopewa hataza (haki ya mvumbuzi) Marekani mwaka 1880. Kimo cha kati na maji mengi kidogo: Turgo, nayo ni ya vikombe, au krosiflo, yenye mapanga marefu kama pipa, na krosiflo fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuitengeneza kwa bomba la chuma lililopasuliwa mapanga. Kimo cha mita 2 hadi 5 na maji mengi: ya propela. Na kuna njia moja naipenda sana kwa wenye maji yasiyobadilika mwaka mzima, pampu ya kawaida ya maji unayoigeuza, maji yanaingia pale yalipokuwa yanatokea, inazunguka kinyume na kutoa nguvu. Ni imara na vipuri vyake vipo kila mahali, ila maji yakipungua haijui kujirekebisha.

Kwa Pelton, nozeli ndo inaamua maji kiasi gani yapite. Kwenye mfano wetu wa lita 10 na mita 18.5 zilizobaki baada ya msuguano, maji yanatoka na spidi ya mita 18 na nusu kwa sekunde na tundu linatakiwa milimita 26 hivi, au nozeli mbili za 18.5 kila moja, na mbili ni bora kwasababu kiangazi unafunga moja na ile nyingine inaendelea na presha yake kamili. Vikombe vitembee karibu nusu ya spidi ya maji, hapo ndo maji yanadondoka chini yamechoka kabisa. Ukiona maji yanarushwa kwa nguvu mbele au yanarudi nyuma kwa nguvu, gurudumu linakwenda haraka mno au polepole mno, badilisha puli, yani gurudumu la mkanda unaozungusha jenereta.

Kibanda cha turbaini kiweke juu ya alama ya mafuriko ya juu kabisa unayoijua, hata kama unapoteza mita moja ya kimo. Maji yanayotoka yapitie mfereji uliopangwa mawe hadi mtoni, la sivyo yatachimba msingi wa kibanda.

Jenereta na kuidhibiti

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya betri: jenereta ya sumaku za kudumu inachaji betri za volti 24 au 48, halafu inveta inageuza umeme wa betri kuwa wa volti 230 kama wa gridi. Inafaa mtambo wa chini ya wati 500 hivi kwasababu betri zinabeba ile mishtuko ya friji na pampu. Alteneta ya gari watu wanaijaribu sana, inataka mzunguko mkubwa na inapoteza nyingi, mi siishauri. Njia ya pili ni umeme wa 230 moja kwa moja, ambapo mota ya kawaida ya fezi tatu inaunganishwa na kapasita (vifaa vya kutunza chaji ya umeme) na kugeuka jenereta. Mota ya mizunguko 1500 kwa dakika inatakiwa izungushwe juu kidogo ya hapo, na uitumie kwa kama asilimia 80 ya uwezo wake. Kapasita zinabaki na chaji hata mtambo umezimwa na zinaweza kukuua, hapa mwite fundi umeme anayejua mota.

Kwa njia zote mbili kuna kitu kimoja ambacho lazima ukielewe: maji hayajui kwamba umezima taa. Ukiondoa mzigo wote, yani kila kinachokula umeme, turbaini inakimbia, Pelton inafika karibu mara mbili ya spidi yake, volti zinapanda, vifaa vinaungua, beringi zinalia. Kwahiyo jenereta lazima iwe na mzigo muda wote. Kuna kontrola inayopima na kuupeleka umeme usiotumika kwenye koili za hita, na hizo koili ziwe na uwezo wa kuzidi jenereta yenyewe kwa asilimia 20. Zizamishe kwenye tangi la maji ya kuoga, usiku kucha nyumba ikilala unapata maji ya moto. Kontrola ya sola ya kawaida inayokata paneli betri ikijaa USIIFUNGE kwenye turbaini, ikikata tu mtambo unakimbia.

Waya

Wati 1000 kwenye volti 48 ni ampea 21, kwenye 230 ni ampea 4.3. Kama nyumba iko mita 100 kutoka kwenye kibanda, kwa volti 48 hata waya mnene wa shaba wa milimita 16 za mraba unakula karibu asilimia 10, kwa 230 waya wa milimita 4 haufiki hata asilimia 2. Ukiwa mbali safirisha volti kubwa. Weka sakiti breka pande zote mbili, kifaa cha kukata umeme ukivuja, waya wa ethi kibandani na nyumbani, na kinga ya radi kama waya unapita juu.

Siku ya kuwasha

Funga nozeli, fungua valvu ya juu kidogo tu, acha bomba lijae taratibu, litanguruma na kutema hewa kwenye kibomba cha kupumulia, subiri litulie kabisa. Tembea na bomba lote ukiangalia viungo. Koili za hita ziwe zimeshaunganishwa. Ndo unafungua nozeli pole pole huku mwenzio anasoma volti. Hakikisha zimetulia kwa nusu saa kabla ya kuunganisha nyumba.

Baada ya hapo kazi ni ndogo ila ni ya kila wakati. Chujio mara moja kwa siku wakati wa mvua, kiangazi mara moja kwa wiki. Tope tangini ukiona limefika robo. Grisi kwenye beringi, mkanda usilegee, na kila miezi mitatu fungua mfuniko upitishe kidole kwenye ukingo wa vikombe, ukisikia vimenolewa rudi juu ukaangalie tangi, mchanga unapita. Beringi mpya jozi moja na mkanda mmoja viwe kibandani kabla ya masika, maana vinapenda kufa usiku wa mvua ambapo njia haipitiki.